Macho Makavu ya Fundi Saa

Kinyozi anasema alikuwepo. Anasema Jumatatu ile asubuhi, pale zahanati, Fundi Saa aliingia chumba cha macho, akavua kofia, akakaa kitini, kisha akamkodolea nesi macho. Akamkodolea, akamkodolea, dakika tano nzima bila kupepesa, mpaka binti wa watu uvumilivu ukamwisha. Akashika kiuno, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wagonjwa, "Baba, wewe una macho makavu!" Benchi zima kimya. Hata mtoto aliyekuwa akilia kwa sindano akanyamaza asikilize. Fundi akatoka nduki, kofia kaiacha juu ya meza.

Hivyo ndivyo alivyokisimulia kichwa cha kwanza alichonyoa siku hiyo. Kichwa cha tatu kiliondoka na habari kwamba Fundi alikonyeza. Kufika adhuhuri, kichwa cha saba kilipewa hadithi kamili: Fundi kamshika nesi mkono na kumuuliza kama ameolewa.

"Mimi sikusimuliwa," alisema kinyozi, wembe juu. "Nilikuwepo!"

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nilikuwepo. Jina alilopewa na wazazi, hata mkewe hulitafuta kwanza kabla ya kulitamka.

Ukweli ni kwamba alikuwepo nusu. Alikwenda zahanati kufungwa bandeji kwenye kidole gumba alichojikata kwa wembe wake mwenyewe, jambo ambalo hakulitaja kwa kichwa hata kimoja, na alikuwa amesimama nyuma ya pazia akingoja zamu. Alisikia sentensi moja na kuona mtu akipita mbio. Mengine yote aliyashona mwenyewe.

Fundi Saa alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambiwa ana macho makavu. Alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kumtazama mtu usoni zaidi ya muda wa kupiga chafya. Wateja walishazoea. Ukiingia dukani kwake anakuamkia mkono, maana saa iko mkononi, na macho yake yanakaa hapo hapo mpaka unaondoka. Wapo watu waliotengenezewa saa kwake miaka kumi ambao angekutana nao barabarani wamevaa mikono mirefu asingewatambua.

Na macho yenyewe yalikuwa yanamsumbua kweli. Kazi yake ilitaka hivyo. Skrubu ya saa ndogo ya kike si kubwa kuliko punje ya chumvi. Ukiipumulia inaruka, ukipepesa macho umeipoteza. Kwa hiyo tangu ujana Fundi alijifunza kubana kioo chake cha kukuzia kwenye jicho la kulia, kuzuia pumzi na kutopepesa. Miaka ishirini na mbili ya kutopepesa. Sasa kila alasiri macho yaliwaka kama yaliyotiwa mchanga, yakawa mekundu, na mshale mmoja wa saa ukawa miwili. Ndipo akajikaza, akaenda zahanati.

Kilichotokea huko ni hiki. Nesi, binti mpya mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, alimwekea kijikaratasi chembamba kwenye kope ya chini, akamwambia afumbe macho wasubiri dakika tano. Dakika zilipokwisha akakitoa, akakipima kwa rula, akatikisa kichwa. "Hebu nitazame, baba," alisema. Fundi akainua macho kutoka kwenye saa ya nesi, akapanda nayo taratibu, kifungo kwa kifungo, kidevu, pua, mpaka akamtazama mwanamke machoni, mchana kweupe. Na papo hapo, kana kwamba alikuwa akingoja hilo tu, nesi akasema, "Una macho makavu."

Masikio ya Fundi yakashika moto. Mara yake ya kwanza kumtazama mwanamke usoni, na ameshaambiwa hana haya! Hakungoja sentensi ya pili. Nyuma yake alisikia "Baba! Baba, karatasi yako!" akadhani anaitiwa watu, akaongeza mwendo.

Aibu hiyo angeweza kuimeza. Angekaa ndani siku mbili, angejifungia na saa zake, ingepita. Lakini habari za kinyozi zilivuka barabara, na ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka la Fundi, palikuwa na duka la Mama Mizizi.

Mama Mizizi aliuza dawa za asili na viungo. Alikuwa mjane wa miaka minane, mnene wa kupendeza, na kicheko chake kikianza dukani kwake vioo vya saa za Fundi vilitikisika. Makopo yake aliyapanga kwenye rafu na kuyaandika mwenyewe kwa wino mwekundu: KIFUA. TUMBO. USINGIZI. CHAI TU. Kwa miezi minane Fundi alikuwa anavuka barabara kila Ijumaa kununua kitu. Alimaliza KIFUA ingawa kifua chake kilikuwa kizima, akahamia TUMBO, akanywa USINGIZI mpaka akawa anasinzia juu ya kazi. Siku moja, kwa kuchanganyikiwa, aliomba robo ya kopo lililoandikwa WAJAWAZITO.

"Ya nani?" Mama Mizizi aliuliza.

"Ya… ya kulia kwako. Lile la CHAI TU."

Alikuwa na neno la kumwambia. Alikuwa amelitengeneza neno hilo kama saa. Kila Alhamisi alilifungua, akalipaka mafuta, akalifunga tena, lakini likifika Ijumaa halitembei. Na Mama Mizizi naye alikuwa na saa ya ukutani aliyomletea Fundi mara tatu katika miezi hiyo minane. Kila mara Fundi alipoifungua nyuma aliona kitu kilekile: betri imegeuzwa, kichwa chini miguu juu. Kila mara hakusema kitu. Aliifungua saa yote, akaisafisha jino kwa jino, akairudisha baada ya siku mbili, akaambiwa ahsante na kicheko juu yake. Kwa kicheko hicho Fundi aliweza kuishi wiki.

Basi elewa kilichompata Jumanne.

Asubuhi kinyozi alichungulia kupitia ubao uliotenganisha maduka yao. "Jirani, hali? Naona macho mekundu."

"Yanawaka. Kama nimetiwa mchanga."

"Ndimu! Matone mawili kila jicho."

"Ndimu ni ya samaki."

"Asali basi."

"Nimekuambia yanawaka, sikukuambia unipike."

"Kitunguu!" kinyozi alisema, na hapo akaonekana mtu wa imani. "Hakiingii jichoni, jirani, ni ule mvuke wake tu. Macho yamekosa maji, si ndiyo? Kitunguu kinayaita. Bibi yangu alipona hivyo, mimi nilikuwepo."

Fundi alikuwa na maumivu, na mwenye maumivu husikiliza hata kinyozi. Akanunua vitunguu viwili. Akakata cha kwanza juu ya meza ya kazi, akainamia, akasubiri. Kweli maji yakaja. Mwanzoni akahisi nafuu, akafurahi, akakata nusu ya cha pili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Machozi yakamiminika, pua ikafuata, macho yakawaka maradufu kuliko mwanzo, na katikati ya hayo akaingia mwalimu aliyekuja kuchukua saa yake. Akamkuta Fundi analia kwa kwikwi juu ya meza.

"Pole, Fundi. Kuna msiba?"

"Hapana," alisema Fundi, akivuta kamasi. "Ni kawaida."

Mwalimu alitoka akaenda kunyoa. Kinyozi, ambaye kwa dakika tano tu alikuwa ameshasahau kitunguu kilitoka kichwani mwa nani, alipiga paja. "Analia! Si niliwaambia? Nesi kamkataa!"

Saa tisa alasiri Fundi aliinua kichwa, macho yamevimba, akaona saa ya ukutani ya Mama Mizizi ikipita mbele ya duka lake. Ilikuwa imebebwa kwapani na mwenyewe. Hakugeuza shingo. Alinyoosha moja kwa moja hadi kona, akakata kulia, akaenda nayo kwa fundi wa barabara ya pili.

Fundi akakaa. Hakukuwa na kitunguu tena mezani, lakini nesi yule angempima muda huo kwa kijikaratasi chake angekuta maji ya kutosha.

Dada yake alifika Jumatano asubuhi. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, mwenye mwili wa kusukuma milango bila kugonga, na tangu mwaka jana alikuwa akimwita Mama Mizizi "wifi" kila wakikutana sokoni, bila ruhusa ya mtu yeyote. Mama Mizizi alikuwa akiitika. Jana hakuitika.

"Mdogo wangu," alisema, akijiegemeza kwenye meza. "Nimemwita wifi yangu jana mbele ya nyanya, kanijibu 'wifi yako yuko zahanati.' Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Dada."

"Umekonyeza?"

"Hata sijui kunakonyezwaje!"

Dada akamtazama. Alimlea huyu. Alikuwa anamjua tangu siku zile za kujificha chini ya kitanda wageni wakija. "Hebu niambie vizuri. Neno kwa neno."

Fundi akamwambia neno kwa neno, akiiambia saa ya dada yake. Kijikaratasi, dakika tano, nitazame, una macho makavu.

"Amekuambia hivyo? Wewe?" Dada akaanza kufunga kanga kiunoni. "Wewe unayeamkia mikono ya watu? Ngoja. Ngoja nikamwoneshe mwenye macho makavu ni nani katika ukoo huu."

"Dada, usiende."

Alishaenda.

Alirudi baada ya saa moja. Fundi alimwona kwa mbali akija katikati ya barabara akiwa ameinama, mkono mmoja tumboni, akadhani kaumwa njiani. Akatoka kumpokea. Dada alipofika hakuweza kupanda hata ngazi ya duka. Alikaa chini palepale, akaangua kicheko mpaka akatoa sauti ya chuma kikavu.

"Kofia yako hii," alisema alipopata pumzi. "Na karatasi yako uliyoikimbia. Mimi nimeingia pale nimefura, nimemsuta yule mtoto mbele ya benchi zima. 'Wewe umemtukana mdogo wangu!' Kaniuliza, 'Kumtukana vipi, mama?' Nikamwambia. Mdogo wangu! Ni ugonjwa! Macho kukosa machozi, yanaitwa hivyo, macho makavu! Ni makavu tu, kama nguo iliyoanuliwa! Hakuna aliyekutukana. Kuna mzee pale benchini alisikia hivyo akasema kumbe naye mke wake alimsingizia bure miaka thelathini!"

Fundi akaishika karatasi kwa vidole viwili, kama anavyoshika gurudumu la saa. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi za duara:

*Macho makavu. Kitambaa safi, maji ya uvuguvugu, juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi asubuhi na jioni. Apepese macho akiwa kazini! Apumzishe macho kila baada ya dakika ishirini. Anywe maji, ale samaki na mboga za majani. Asitie kitu chochote ndani ya jicho: si asali, si ndimu, si maziwa ya mama, si maji ya mizizi. Asipopata nafuu wiki mbili, arudi. Asikimbie.*

"Basi nenda," alisema Dada, akifuta machozi yake ya kicheko kwa kanga.

"Wapi?"

Dada alielekeza mdomo ng'ambo ya barabara.

"Nenda wewe, Dada. Wewe unajua kusema."

"Mimi nimeshasutana na mtu mmoja leo, zamu yangu imekwisha. Mimi si tarishi wako. Ukimkosa huyu mwanamke kwa sababu ya neno, na neno lenyewe umeshikilia maana yake mkononi, basi kesho usiniite dada, niite jirani."

Fundi alivuka barabara. Siku hiyo haikuwa Ijumaa, na miguu ilijua.

Mama Mizizi alikuwa anamwaga tangawizi kavu kwenye kopo. Hakugeuka.

"Karibu," alisema. "Leo tunauguza nini? Moyo?"

Neno la Fundi la miezi minane halikuwepo, wala neno lolote lingine. Akanyoosha mkono, akaiweka karatasi juu ya mizani, pale penye bakuli la kupimia. Mshale wa mizani haukusogea. Mama Mizizi aliitazama karatasi, akaitazama kofia iliyorudi kichwani kwa mwenyewe, akafuta mikono, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena.

"Macho makavu," alisema.

"Ndiyo."

"Yaani macho. Makavu."

"Ndiyo."

Kona moja ya mdomo wake ikaanza kutetemeka, akaibana. "Na jana ulikuwa unalia nini, macho makavu yako hayo? Mtaa mzima umekuona."

"Kitunguu," Fundi aliiambia mizani. "Kimoja na nusu. Jirani alisema ni dawa."

"Jirani gani?"

"Kinyozi."

"Mtu mwenye bandeji ya wembe wake mwenyewe kidoleni, ukamwamini na macho yako?"

Hapo hakujizuia tena. Kicheko kilitoka, kile chenyewe, kikagonga makopo, kikatoka mlangoni, kikavuka barabara, na Fundi akajikuta naye anacheka, kitu ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukifanya mbele ya mtu. Walicheka mpaka Mama Mizizi akashikilia rafu.

Kisha akawa mtu wa kazi. "Kaa hapo. Huyu nesi ana akili, hata mimi kwangu haliingii jani ndani ya jicho la mtu, wanaonunua mwarobaini wakautie machoni huwa nawafukuza. Kitambaa na maji, basi. Na tango nikikata utapata ubaridi baadaye, juu ya kope, si ndani." Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Akachemsha maji, akayachanganya na ya baridi, akamwaga tone kwenye kiganja chake kwa ndani, akangoja, akaongeza baridi kidogo. Akakunja kitambaa cheupe kipya, akakikamua. "Fumba macho. Egemeza kichwa ukutani."

Uvuguvugu ulishuka juu ya kope za Fundi, na kitu kilichokuwa kimekaza ndani ya kichwa chake kwa miaka mingi kikaanza kulegea. Alisikia harufu ya tangawizi na ya sabuni. Dunia ikawa nyeusi na laini. Hakukuwa na uso wa mtu mahali popote. Kulikuwa na sauti tu, na sauti Fundi hakuwahi kuiogopa. Alifanya kazi na sauti kutwa nzima.

"Dakika moja imepita," alisema.

"Unahesabu?"

"Siwezi kuacha." Kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akaendelea. "Yule fundi wa barabara ya pili alisemaje?"

Maji yakachuruzika kwenye beseni.

"Alisema betri imegeuzwa," alisema Mama Mizizi. "Alisema mwenye saa hii hana akili. Alimaliza kwa nusu dakika, akanipa saa yangu."

"Ni kweli ilikuwa imegeuzwa."

"Najua. Niliigeuza mwenyewe. Mara nne sasa." Akatoa kitambaa, akakichovya upya, akakirudisha. "Wewe mara tatu hukuniambia. Mara tatu uliifungua yote ukaiosha kama mtoto mchanga. Nikasema huyu mwanamume ama hajui kazi, ama…"

"Ama nini?"

"Tulia, dakika bado."

Moyo wa Fundi ulikuwa umeacha mpangilio wa sekunde, unakwenda kama saa iliyodondoka. Dakika ya sita. Akasikia hatua za polepole mlangoni, au labda ni makopo, hakujali. Alijua kitambaa kikiondoka, na neno litaondoka nacho. Akavuta pumzi kwa mdomo.

"Mama Mizizi. Nina ombi."

"Sema."

"Naomba unioe."

Alilisikia neno lilivyotoka. Alilisikia limegeuka, kichwa chini miguu juu. Upande wa kushoto kwake, karibu kabisa na mlango, kitu kama kikapu kilidondoka sakafuni.

"Nimekosea," alisema haraka, bado amefumba macho, jasho likichanganyika na maji shingoni. "Ngoja, nalisema tena. Nimelitayarisha miezi minane, si hivyo lilivyo." Akaweka mikono yake miwili juu ya magoti. "Naomba nikuoe. Mimi, wewe. Nimtume Dada aje kwenu kwa heshima, akuulizie kwa kaka zako. Ukikubali."

Mama Mizizi hakucheka. Beseni lilitulia, matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka ukingoni yakadondoka mara nne, mara tano, yakakoma.

Ilikuwa sauti ya kikongwe iliyosikika, ya bibi mmoja aliyesimama mlangoni na kikapu miguuni. "Nilikuja kununua tangawizi," alisema. "Robo." Akasikika akivuta kiti cha mbao, akakaa juu yake, akashusha pumzi. "Lakini sina haraka, mwanangu. Mjibu kwanza mwenzio."

Kitambaa kilikuwa kinaanza kupoa. Dakika ya nane ilikuwa inakwisha, na Fundi hakukitoa.